Panga, Bunduki na Neno "Familia": Pale Kifungu cha Tafsiri Kinapomwachia Mpigaji Silaha Yake

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Masheha wetu, maafisa wa ustawi wa jamii, askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, na khasa nyinyi wasaidizi wa sheria ambao mwanamke huwagongea mlango kabla hajafika kituoni: leo hapa Chake Chake tunazungumzia maneno. Ni maneno ya kile kifungu cha tafsiri kilichoko mwanzoni mwa sheria, ambacho wengi wetu tunakiruka tukakimbilia kusoma adhabu. Kesi za wapigaji wa majumbani hupotea kwenye kifungu kile, adhabu hata hazijafikiwa.

Chukueni sentensi moja tu: "Aliyetiwa hatiani kwa kumpiga mtu wa familia yake haruhusiwi kumiliki silaha." Ukiisikia unaona imetimia. Ikifika mahakamani, wakili wa utetezi ataifumua uzi mmoja mmoja. Kutiwa hatiani ni nini, na waliosuluhishwa je? Kupiga ni kiasi gani, na kusukuma kumo? Familia ni nani? Kumiliki ni kuwa na jina kwenye leseni, au kuwa na ufunguo wa kabati? Na silaha ni ipi? Sheria ikiwa kimya, hakimu ndiye atakayetafuta jibu, na katika jinai shaka humfaidia mshtakiwa. Kanuni hiyo ni ya haki. Mtu asifungwe kwa neno ambalo hata mwanasheria hawezi kulieleza. Lakini ndiyo inayofanya kila neno lililoachwa legelege kuirudisha silaha ndani ya nyumba.

Nitafuata kwa kirefu mfano wa Marekani, kwa sababu kule maneno haya yameshapandishwa Mahakama ya Juu mara kadhaa, na kila kesi inaonyesha tundu lilikuwa wapi. Huku kwetu mashtaka ya kumpiga mtu wa nyumbani tunayapitisha katika Sheria ya Adhabu ya Zanzibar, Nam. 6 ya mwaka 2018, na makosa yetu ya uandishi ni yale yale.

Mwaka 1994 Bunge la Marekani lilimkataza kuwa na bunduki mtu aliyewekewa na mahakama amri ya kumlinda mwenza wake. Mwaka 1996 likaongeza kifungu kinachojulikana kwa jina la Seneta Frank Lautenberg: hata kosa dogo la jinai, maadamu ni la ukatili wa nyumbani, linamwondolea mtu ruhusa ya kuwa na bunduki na risasi. Kabla ya hapo katazo liliwashika waliotiwa hatiani kwa makosa makubwa, na ampigaye mke mara nyingi hushitakiwa kwa kosa dogo. Nia ya Bunge ilikuwa wazi kabisa. Tafsiri haikuwa wazi, na ilichukua miaka 20 mahakamani kuziba matundu matatu tu.

Tundu la kwanza lilihusu uhusiano. Wakati ule majimbo mengi hayakuwa na kosa liitwalo "kumpiga mke". Yalikuwa na shambulio la kawaida tu, kama tulivyo sisi. Je, mtu aliyetiwa hatiani kwa shambulio la kawaida ameingia katika kifungu cha Lautenberg? Randy Hayes alitiwa hatiani huko West Virginia mwaka 1994 kwa shambulio, na aliyepigwa alikuwa mkewe wakati ule. Mwaka 2004 polisi waliitwa nyumbani kwake wakakuta bunduki. Kesi ikapanda, na mwaka 2009 Mahakama ya Juu, majaji 7 kwa 2, ikasema kosa la mwanzo si lazima liwe limetaja uhusiano kama kipengele chake. Lakini upande wa mashtaka lazima uuthibitishe uhusiano huo pasi na shaka katika kesi ya bunduki.

Sasa fikirini. Ushahidi huo utatoka wapi, miaka 10 baada ya kipigo? Utatoka kwenye karatasi iliyoandikwa siku ile. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa kinachopotea ni ulinzi wa mtu. Hati ya mashtaka inayosema "alimshambulia Fulani binti Fulani kwa kumpiga ngumi" inatosha kumtia mtu hatiani. Baada ya miaka mitano hakuna atakayejua kuwa Fulani alikuwa mkewe, na askari anayepitia maombi ya leseni ya bunduki ataona ugomvi wa watu wawili tu. Maneno yanayokosekana hayazidi mstari mmoja: "mke wake wa ndoa, wanaokaa nyumba moja katika shehia ya kadha, wenye watoto wawili."

Marekani muuzaji wa bunduki mwenye leseni huuliza kwanza kama mnunuzi ana rikodi mbaya. Serikali isipotoa jibu la mwisho ndani ya siku 3 za kazi, kwa kawaida sheria ya shirikisho, yaani ya nchi nzima, inamruhusu auze. Rikodi ikisema "shambulio" bila ya kusema dhidi ya nani, mkaguzi lazima aitafute mahakama, karani alitafute jalada la zamani, na huku siku zinakwenda. Rikodi ikiwa haikupelekwa kabisa, hakuna hata cha kutafuta. Mwanajeshi wa zamani wa jeshi la anga la nchi ile alitiwa hatiani na mahakama ya kijeshi mwaka 2012 kwa kumpiga mkewe na mtoto wa kambo. Jeshi halikupeleka alama zake za vidole wala hukumu yake kwa FBI, idara ya upelelezi ya shirikisho. Akanunua bunduki dukani, na tarehe 5 Novemba 2017 akaingia kanisani Sutherland Springs, Texas, akaua watu. Idadi rasmi ni 26, akiwemo mtoto aliyekuwa tumboni. Hapo sheria ilikuwepo na hukumu ilikuwepo. Karatasi ndiyo haikutembea.

Tundu la pili ni neno "nguvu". Kifungu kinataka kosa liwe na "matumizi ya nguvu za mwili". Je, kibao kimoja ni nguvu? Kumshika mtu mkono ukamwacha na alama? Mwaka 2010 Mahakama ya Juu, katika kesi ya sheria nyengine, ilikuwa imesema nguvu za mwili maana yake ni nguvu kali zenye uwezo wa kuumiza. Mawakili wakaidaka tafsiri ile wakaileta kwenye kesi za majumbani. Hatimaye mwaka 2014, katika kesi ya Castleman kutoka Tennessee, mahakama ikasema kwa ukatili wa nyumbani kiwango ni cha chini zaidi: hata kumgusa mtu kwa namna ya kumkera kunatosha. Hoja iliyotolewa ni kwamba ukatili wa nyumbani si kama ugomvi wa mitaani. Hujengwa kidogo kidogo, kwa vitendo ambavyo kimoja kimoja vinaonekana vidogo. Kila mwenye kukaa dawati analijua hilo bila ya kusomeshwa.

Neno hilo hilo "nguvu" likabakiwa na ncha nyengine, nayo ndiyo tundu la tatu. Maneno "kutumia nguvu" yanadai makusudi? Mtu aliyetupa sahani kwa hasira bila ya kujali itampata nani, je, ametumia nguvu dhidi ya mkewe? Mwaka 2016, katika kesi ya Voisine iliyotoka Maine, majaji 6 kwa 2 walisema ndiyo, kutojali matokeo kunatosha. Kuanzia 1996 mpaka 2016 ni miaka 20 mizima ya watu kushinda na kushindwa kwa neno ambalo mwandishi wa mswada angeweza kulifafanua kwa sentensi mbili.

Kwenu nyinyi mnaochukua maelezo, funzo ni la kazi ya kila siku. Msiandike "alinipiga". Andikeni kwa nini: kiganja, ngumi, teke, mkanda, mwiko. Andikeni wapi mwilini, mara ngapi, na alama gani imebaki. Mkimpeleka hospitali na PF3, fomu ya polisi ya matibabu, hakikisheni daktari anaandika mahali pa jeraha na ukubwa wake kwa sentimita, rangi ya mchubuko, na kama kuna uvimbe. Neno "maumivu ya mwili" peke yake halimsaidii mtu. Aliyekabwa shingo aulizwe kama sauti imebadilika, kama anapata taabu kumeza, kama macho yana wekundu, maana kukabwa mara nyingi hakuachi alama ya nje na ni katika dalili kubwa za hatari ya kuuawa baadaye.

Sasa tulifikie neno "familia", na hapa nataka tukae kidogo.

Orodha ya Marekani ya 1996 iliwataja mke au mume, aliyeachana naye, mzazi au mlezi wa aliyepigwa, aliyezaa naye, na anayeishi naye kama mke na mume. Soma mara mbili uone nani hayumo. Kaka anayempiga dada yake hayumo. Mtoto mtu mzima anayempiga mama yake hayumo. Shemeji hayumo. Na mchumba au mpenzi asiyekaa naye nyumba moja hakuwemo mpaka mwaka 2022. Mwaka huo sheria mpya ikaongeza "uhusiano wa kimapenzi", lakini ikautafsiri kuwa ni uhusiano wa dhati na wa kuendelea ambao watu wanao, au walikuwa nao "hivi karibuni". Hivi karibuni ni lini? Miezi mitatu? Mwaka? Sheria haisemi. Inamtaka hakimu aangalie urefu wa uhusiano, aina yake, na wanaonana mara ngapi na vipi. Zaidi ya hayo, aliyetiwa hatiani mara moja kwa kumpiga mpenzi anaweza kurudishiwa ruhusa ya bunduki baada ya miaka 5 asipotenda kosa jengine; aliyempiga mkewe hana mlango huo. Mkono ni ule ule na kipigo ni kile kile. Kilichotafautiana ni jina la uhusiano.

Afrika Kusini waliandika vyengine tangu mwaka 1998. Sheria yao ya ukatili wa nyumbani, Nam. 116, inaingiza uchumba, uhusiano wa kimila, na uhusiano wa kimapenzi wa muda wowote, uwe wa kweli au wa kudhaniwa tu. Hilo la "kudhaniwa" lina maana kubwa: linamshika mwanamme anayemwandama msichana akijiona ni mpenzi wake na yeye msichana hana habari. Kenya nao, katika sheria yao ya mwaka 2015, wamewataja wachumba na waliowahi kuwa wachumba, watu wa ukoo, na wanaokaa nyumba moja.

Sasa lileteni neno hilo Pemba. Mwanamme ametoa talaka moja. Mke yumo edani, yaani hajatimiza tohara tatu (vipindi vitatu vya kutoharika na hedhi), na amerudi kwao Wete. Mume anamfuata na panga. Huyu ni mke au mtalaka? Kwa fiqhi ya madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunaifuata, talaka rejea inamwachia mume nafasi ya kumrejea ndani ya eda bila ya nikaha mpya, na mmoja wao akifa wanarithiana. Sheria iliyoandika "mke" pekee inamfungulia wakili nafasi ya kusema ameshamwacha. Iliyoandika "mtalaka" pekee inamfungulia nafasi ya kusema bado ni mkewe. Dawa ni kuitaja na hali ya katikati: "mke, mke aliye katika eda, au mtalaka." Msaidizi wa sheria akichukua maelezo aandike tarehe ya talaka, ni talaka ya ngapi, na imesajiliwa wapi.

Na "wanaoishi pamoja" je? Nyumba zetu nyingi ni za ukoo: ua mmoja, jiko moja, vyumba vya ndugu wawili na wake zao, na mama mkwe katikati. Mume akiwa safarini Unguja na shemeji akampiga mke wa nduguye, tafsiri inayodai "kuishi kama mke na mume" haimgusi kabisa. Tafsiri inayosema "watu wanaotumia nyumba au ua mmoja" inamgusa. Mimi naona ya pili ndiyo inayotufaa visiwani. Lakini lazima iandikwe kwa mpaka, maana tukiiacha wazi mno, mpangaji aliyegombana na mpangaji mwenziwe kwa ndoo ya maji naye ataitwa mkatili wa familia, na mahakama itaipunguza nguvu sheria yote.

Kuhusu kutiwa hatiani nitasema machache, kwa sababu mnalijua kuliko mimi. Sulhu ya ukumbini, ya wazee wawili na sheha, haiachi hukumu, na pasipo na hukumu hakuna katazo la silaha linaloweza kusimama juu yake. Marekani kuna la kufanana nalo: mpigaji anakubali kosa la kufanya fujo badala ya shambulio, kila mtu anarudi kwake mapema, na kwa kuwa "kufanya fujo" mara nyingi hakuna kipengele cha nguvu dhidi ya mtu, kifungu cha Lautenberg hakimgusi. Mwendesha mashtaka anayebadilisha kosa ili jalada lifungwe haraka ajue anabadilisha na hilo.

Tuje kwenye silaha yenyewe. Kwa sheria ya shirikisho ya Marekani, bunduki ni kitu kinachorusha risasi kwa nguvu ya mlipuko, pamoja na kiunzi chake na kizuia sauti. Zilizotengenezwa mwaka 1898 au kabla zimetolewa, na baadhi ya zile za kushindilia baruti mdomoni hata zikiwa mpya. Yaani kwa tafsiri ile, kuna magobore yanayoua ambayo mpigaji aliyekatazwa bunduki anaweza kukaa nayo. Bunduki ya upepo haimo. Bunduki ya mpira ya kupigia samaki mbizini haimo. Kisu hakimo. Hata hivyo, ndani ya kifungu kile kile, kumtishia mwenza kwa "silaha ya kuua" kunatosha kuwa kosa la ukatili wa nyumbani, na hapo kisu kinaweza kuingia. Kwa hiyo mtu anaweza kunyang'anywa bunduki kwa sababu ya kisu, na kisu akabaki nacho.

Kwetu hofu ya mwanamke mara nyingi si bunduki, ni panga. Na panga hatuwezi kulikataza: ndilo la dafu, la kuni, la kufyekea chini ya mikarafuu. Uingereza, katika sheria ya mwaka 1953 juu ya silaha za kushambulia, waligawa vitu mafungu matatu: kilichotengenezwa kwa kujeruhi, kilichogeuzwa kwa kujeruhi, na kitu chochote ambacho aliyenacho amekusudia kujeruhi nacho. Panga letu ni la fungu la tatu, na fungu hilo linasimama kwa ushahidi wa nia. Maelezo yanayosema "alinitishia kwa silaha" hayathibitishi nia yoyote. Yanayothibitisha ni haya: panga huwekwa ukumbini nyuma ya mlango, saa nne za usiku aliingia nalo chumba cha kulala, alilishika mkono wa kulia, makali yakinielekea, alikuwa umbali wa hatua tatu, alisema maneno kadha, yaandikwe kama yalivyotamkwa, hata yakiwa ya aibu. Mahali na saa ndivyo vinavyoligeuza panga la mkulima kuwa silaha mbele ya hakimu.

Na kumiliki? Sheria ya Marekani haikulitafsiri neno hilo. Mahakama zimesema kuna kushika mkononi na kuna kuwa na uwezo na nia ya kukitawala kitu hata kama kiko kwengine. Katika kesi ya Henderson ya mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilisema aliyekatazwa anaweza kuzihamishia bunduki zake kwa mtu mwengine, mradi mahakama iridhike kuwa huyo hatamruhusu kuzitumia wala kuzielekeza atakavyo. Basi "ameziweka kwa kaka yake" si jibu mpaka ijulikane kaka anakaa wapi na ufunguo anao nani. Kwa watu wa ua mmoja, hilo ndilo swali la mwanzo la kuuliza.

Kuna kasoro kubwa zaidi, nayo ni kitenzi kilichokosekana. Sheria ile ya shirikisho inasema mtu "asiwe na" bunduki. Haisemi nani ataichukua, lini, wala itahifadhiwa wapi. Hayo yameachiwa majimbo, na yanatafautiana sana. Afrika Kusini, kifungu cha 9 cha sheria yao ya 1998 kinaitaka mahakama iamuru polisi waichukue silaha ikiridhika kwamba mhusika ametishia kuua au kujeruhi mtu wa nyumbani. Na hakikuishia kwenye bunduki: kinataja na silaha nyengine za hatari.

La mwisho ni amri za muda. Juni 21, 2024, katika kesi ya Rahimi, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema kwa kura 8 kwa 1 kwamba mtu ambaye mahakama imemwona ni tishio la kweli kwa usalama wa mwengine anaweza kunyimwa silaha kwa muda. Lakini kifungu hicho, kile cha mwaka 1994, kinahusu amri iliyotolewa baada ya mhusika kupewa taarifa na nafasi ya kusikilizwa. Amri ya dharura, ile inayotolewa siku mwanamke amekimbia na watoto, kabla ya mume kuitwa, haimo. Siku zile baina ya kukimbia na kusikilizwa ni katika siku za hatari kubwa, na katika sheria ile ya shirikisho bunduki bado iko kabatini. Majimbo kadhaa yameliziba pengo hilo kwa sheria zao wenyewe.

Kwa hiyo mkiitwa kutoa maoni juu ya mswada wowote wa kumkinga mtu na ukatili wa nyumbani hapa Zanzibar, ombeni rasimu mapema na mfungue kifungu cha tafsiri kabla ya kingine. Penye "hivi karibuni" ulizeni ni miezi mingapi na ihesabiwe kuanzia siku gani. Penye "familia" mtajeni mke wa eda, mchumba, shemeji na mama mzazi mmoja mmoja. Penye "atanyang'anywa silaha" ulizeni na nani, ndani ya saa ngapi, na stakabadhi ataandika nani. Na penye "amri ya mahakama" ulizeni kama ile ya siku ya kwanza nayo imo.